Hivi dinosaria mla nyama alimuanzia wapi yule mwenye shingo ndefu?

Mtu wa Lindi
Wakuu habari zenu, kuna kitu kinaninyima usingizi. Yule mjusi wetu wa shingo ndefu wa Tendaguru, huku kwetu Lindi, ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba kuanzia 1909 mpaka 1913 na leo kasimamishwa Berlin, kwenda juu ana mita 13 na ushee, sasa mnyama wa hivyo nani alithubutu kumgusa? Simba anamkaba nyati koo mpaka pumzi inakata, huyu koo lenyewe liko ghorofa ya tatu huko!

Fuvu
Mkuu achana na habari za koo. Chukua Allosaurus, dinosaria mla nyama wa Marekani, kichwa mpaka mkia mita 8 na kitu hivi. 2001 mtafiti Emily Rayfield na wenzake walilipima fuvu lake kwa kompyuta, wakakuta nguvu ya kung'ata ni ya kawaida tu ila fuvu linahimili kishindo kikubwa mno, ndo wakasema huenda alikuwa anaachama halafu anashusha taya la juu kama shoka. 2013 wengine wakaja na misuli ya shingo, wao wakasema alikuwa anang'ata na kuvuta kichwa nyuma, yaani kama mwewe anavyochana kifaranga. Mi niko na hawa wa mwewe, maana meno yake yamepinda kwenda nyuma na kingo zina vijino vidogovidogo kama mundu wa kuvunia mpunga, hilo ni jino la kuchana minofu sio la kuvunja mfupa. Anachana paja, anakaa mbali na mkia, anasubiri damu imwishe.

Bi Mkubwa
Mnawaza wakubwa tu jamani. Savuti kule Botswana simba wanaangusha tembo kweli, lakini tembo wengi wanaoangushwa ni wadogo. Na hawa wa shingo ndefu walitaga, mayai ya Auca Mahuevo kule Argentina yana sm 13 mpaka 15 tu, kwahiyo kila jitu lilianza likiwa kitoto cha kubebwa mkononi. Nani ahangaike na baba mtu?

Mtu wa Lindi
Dah, hiyo ya mayai sikuiwaza kabisa. Ila kuna yeyote aliyewahi kuwakuta wanafukuzana?

Fuvu
Kuna nyayo za mto Paluxy, Texas, mchimba mabaki Roland Bird alizichimba 1940. Mla nyama anafuata nyuma ya mkubwa wa shingo ndefu, na mahali pamoja unyayo wake mmoja haupo, Bird akaamini hapo ndo alipomrukia. Wengine wanabisha, wanasema alipita tu baadaye. Mi kinachonishika ni kwamba mkubwa akipinda, na huyu anapinda.