Friji ya ndani ya kabati haipumziki, kabati lina joto. Ni gesi kweli?

MamaWawili

Wakuu habari. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela ambayo sina.

Miezi 4 iliyopita tulitengeneza jiko upya tukaweka friji ya kujengewa ndani ya kabati, ile ambayo mlango wake unavishwa ubao na mgeni akiingia haioni. Niliyeitaka ni mimi. Baba watoto aliikataa tangu mwanzo, kwa hiyo mnaelewa kwa nini hili tatizo nalilea kimyakimya. Amesafiri, anarudi Jumapili.

Mwezi wa kwanza haikuwa na shida. Nilikuwa naisikia inaunguruma, inanyamaza, inaunguruma tena. Sasa usiku kucha ni muungurumo mmoja tu. Ukigusa ubavu wa kulia wa kabati unakuta joto kama la pasi iliyozimwa robo saa iliyopita. Maziwa ya jana yamechachuka. Chini ya droo za mboga kuna maji. Nafuta asubuhi, jioni yamerudi. Halafu mlango nao una tabia ya kubaki wazi kidogo, upenyo wa kuingiza ncha ya kisu.

Nilimwita fundi. Hakufungua hata skrubu moja. Aliingiza mkono ndani, akautoa, akasema gesi imeisha, eti ni kama gesi ya kupikia, inatumika mpaka inakwisha. Kesho kutwa anarudi na mtungi. Mimi nasita. Friji ya miezi 4 imalize gesi?

FundiBaridi

Dada, mwambie asije kwanza.

Gesi ya friji haitumiki ikaisha. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, na ileile iliyowekwa kiwandani ndiyo itakayokuwemo hata friji ikizeeka. Ikipungua, ujue kuna mahali panavuja, na anayejaza bila kutafuta panapovuja anajitengenezea kazi ya mwezi ujao. Nina miaka 19 kwenye kazi hii, na hiyo hadithi ya gesi ya kupikia nimeichoka.

Kilichonishtua kwenye maelezo yako ni joto la kabati. Friji inatoa joto ndani na kulitupa nje. Ya kusimama yenyewe ina hewa kila upande, inajitupia tu. Yako imevaa koti. Hewa ina njia moja: iingie chini, kwenye ule ubao wa miguuni pa kabati, ipande nyuma ya friji, itokee juu. Ni sawa na bomba la moshi. Ukiziba upande mmoja tu joto linabaki humohumo, na kompresa, ile mashine inayosukuma gesi, inakesha ikitoa joto ambalo linairudia yenyewe.

Sasa nijibu. Ubao wa miguuni una matundu? Juu ya kabati pako wazi au pamefungwa? Halafu fungua friji usome kibandiko, mara nyingi kiko kando ya droo za mboga. Tafuta herufi SN, N, ST au T, na aina ya gesi. Herufi ni joto la chumba ambalo friji imetengenezewa: N ni nyuzi 16 hadi 32, ST inafika 38, T inafika 43. Kuna watu wamefungiwa N kwenye jiko la joto kali halafu lawama anapewa fundi.

Mzee_wa_Stuli

Mimi ningeichomoa nikaiweka ukutani kama friji nyingine. Friji kuvalishwa mlango wa kabati ni kama ng'ombe kuvalishwa suti. Lakini mmeshajenga, basi.

MamaWawili

Mzee, umeandika kama uko upande wa baba watoto.

Fundi, nimerudi. Nimepanda stuli na tochi ya simu. Juu pamefungwa kabisa: seremala ameweka ubao wa urembo mpaka darini na kupitisha silikoni pembeni, nyembamba na nzuri, nakumbuka nilimsifia. Chini ubao ni mzima, hakuna tundu hata la sisimizi. Niliuvuta ukatoka (unakaa kwa vibanio tu), nikalala chini nikachungulia. Kuna kipande cha lile povu jeupe la kwenye boksi kimebanwa chini ya friji, sijui kiliwekwa kisaidie kuinyanyua au kilisahauliwa. Na vumbi la mbao, la kutosha kujaza kofia.

Kibandiko: SN-T. Gesi R600a, gramu 46.

FundiBaridi

Mgonjwa wako huyo. Amezibwa pua na mdomo.

SN-T ni nzuri, inabeba kuanzia nyuzi 10 hadi 43, kwa hiyo jiko lako halina kosa. Ila humo ndani ya kabati lililozibwa huenda hata hizo 43 zinapitwa.

Fanya hivi. Zima friji kwanza. Toa povu. Fyonza vumbi lote la mbao, taratibu, usigonge mabomba. Ubao wa chini uache nje. Ule wa juu kata silikoni kwa kisu utoe. Washa, lakini kama ilizimwa muda mfupi tu, subiri dakika 5 ndipo uwashe, presha kwenye mabomba ikae sawa. Ukiwasha papo hapo kompresa inashindwa kuanza. Weka glasi ya maji na kipimajoto ndani yake kwenye rafu ya katikati. Usipime hewa, hewa inabadilika kila ukifungua mlango. Soma glasi kesho muda kama huu. Tunataka 4 au 5.

Kuhusu gesi: R600a inashika moto. Ndiyo maana ni gramu chache na hupimwa kwa mizani. Huyo bwana akija na mtungi wa R134a, hata usimkaribishe kiti. Hizo gesi mbili hazibadilishani, na kompresa yako haikutengenezewa hiyo.

Plagi yako iko wapi?

MamaWawili

Aibu. Plagi iko nyuma ya friji. Kuzima inabidi nizime breka ya jiko lote.

FundiBaridi

Hiyo tutairudia. Plagi ya friji ya kujengewa inakaa kwenye kabati la jirani, waya unapita kwenye tundu. Siku ikitoa harufu ya kuungua huwezi kuanza kwa kung'oa skrubu ndipo ufikie umeme.

SeremalaMkavu

Niruhusuni niseme la mlango, maana hili ni la kwetu mafundi mbao na nakiri wengi hatulijui.

Kuna mifumo miwili. Wa kwanza, ubao wa kabati umefungwa moja kwa moja kwenye mlango wa friji, na bawaba za friji ndizo zinazobeba uzito wote. Wa pili, ubao una bawaba zake kwenye kabati, na mlango wa friji una zake. Kinachoviunganisha ni kireli kidogo cha plastiki kinachoteleza. Ukifungua mlango polepole ukaona mbao na friji zinateleza kidogo kila moja kivyake, wewe ni wa kireli.

Kwenye kireli kosa ni lilelile kila siku: fundi anasogeza ubao mpaka ugusane na kabati, unapendeza kwa macho, lakini ubao unafika kabla mpira wa mlango wa friji haujabana. Kwa nje umefungwa, kwa ndani friji inapumua. Legeza skrubu za kireli, funga mlango wa friji wenyewe kwanza mpaka mpira ushike, ndipo uweke ubao, na uachie milimita chache kati yake na ukingo wa kabati. Kisha jaribu na karatasi: ibane mlangoni, ivute. Iwe ngumu kutoka. Zunguka nayo pande zote nne, pembe ya juu upande wa mshikio ndiyo huwa inadanganya.

Na weka pima maji, kile kipimo cha usawa, juu ya friji. Ikiinamia mbele kidogo tu, mlango utafunguka wenyewe. Miguu inazungushwa kwa spana.

MamaWawili

Ni kireli. Nimeipitisha karatasi, pande tatu imeng'ang'ania, juu upande wa mshikio imetoka yenyewe kama risiti. Nimelegeza skrubu mbili, nimefanya ulivyosema, sasa nikivuta inachanika.

Glasi ya maji: jana kabla sijafungua chochote ilisoma 11. Leo saa ileile, 6. Nimekaa jikoni na chai kuisikiliza. Ikaunguruma kama dakika 20, ikakata. Kimya. Sikujua kama kimya cha friji kinaweza kumfurahisha mtu hivi.

Lakini maji chini ya droo bado yapo.

FundiBaridi

Hayo ni jambo lingine, dogo. Angalia ukuta wa nyuma ndani ya friji, juu kidogo ya droo. Kuna mfereji na katikati yake tundu. Ule umande unaoganda na kuyeyuka ukutani unashuka hapo, unapita bombani hadi kwenye kitrei kilicho juu ya kompresa, na joto la kompresa linaukausha. Tundu likiziba kwa uchafu, maji hayana pa kwenda, yanaangukia mbogani.

Friji nyingi zinakuja na kijiti cha plastiki kimechomekwa humohumo tunduni, watu wanadhani ni cha urembo. Kisukume na kukizungusha. Kisha chukua bomba la sindano lisilo na sindano, vuta maji ya uvuguvugu, piga taratibu. Usitumie waya, utatoboa.

MamaWawili

Kijiti nilikuwa nacho kwenye droo ya vijiko tangu siku ya kwanza. Nilikitoa nikidhani ni cha usafirishaji.

Kimetoka kitu cha kijani kinachoteleza, na jani la giligilani. Bomba la kwanza la maji likarudi usoni kwangu, la pili likapita, nikasikia likichuruzika nyuma huko. Tangu jana pakavu. Glasi inasoma 5.

Swali la mwisho, wakuu. Siwezi kuacha juu na chini wazi namna hii. Tundu liwe la ukubwa gani, na naweza kuweka wavu ili panya wasipite?

SeremalaMkavu

Kipimo kinachotajwa na watengenezaji wengi ni sentimita za mraba 200, chini na juu. Kwa kabati lako ni mwanya wa sentimita 50 kwa 4. Ila anza na kitabu cha friji yako, chenyewe ndicho mwenye kauli. Nyuma ya friji ile njia ya hewa isibanwe na rafu wala ubao wa mgongo, pita na msumeno mpaka juu.

Wavu weka, lakini ukumbuke nyaya zake zinakula eneo. Ukiweka wavu kata tundu kubwa zaidi, la 6 badala ya 4. Usiweke ule mwembamba wa mbu, utajaa mafuta na vumbi na utakuwa umerudi ulikotoka.

FundiBaridi

Naongezea: ubao wa chini usiupigilie misumari, ubaki wa vibanio. Mara 2 kwa mwaka uvute, ufyonze vumbi. Kwenye hiyo hiyo siku futa mpira wa mlango kwa maji ya sabuni, hasa mikunjo ya chini, makombo yanajificha hapo. Hiyo ndiyo huduma yote, hakuna siri nyingine. Na plagi ihamishwe.

Yule wa mtungi umemwambiaje?

MamaWawili

Nimemwambia gesi imerudi yenyewe. Hajajibu.

Tundu la sentimita 6, sawa. Plagi nitamwita fundi umeme. Tatizo ni msumeno: uko kwenye sanduku la baba watoto na ufunguo anatembea nao. Itabidi nisubiri Jumapili, na nimweleze kwa nini jiko lina ubao wa urembo uliosimama mlangoni.