Wauza siga wa Mbeya acheni kujipa alama wenyewe, mnatupiga

Wakuu heshima kwenu, leo sina salamu ndefu, nina hasira. Kuna duka moja hapa mjini, jina silitaji kwa sasa, wanauza siga za kuviringishwa kwa mkono, za Nicaragua, Jamhuri ya Dominika na eti za Cuba. Sasa mwenye duka ndo huyo huyo admini wa grupu letu la WhatsApp la wapenzi wa siga na ndo huyo huyo anayetoa alama. Yaani mtu analeta mzigo, anauvuta mwenyewe, anaupa 94 kwa 100, sisi tunakimbia na hela zetu, na ukibisha unaambiwa "mkuu ulimi wako bado haujazoea".

Haujazoea nini? Mimi mtu wa Chunya, nimekulia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, jani likizidi ukavu silihitaji kulionja, nalisikia mkononi. Juzi nimechukua robusto pale, ile saizi ya siga fupi nene, nikaibonyeza kidogo tu ikalia kraa kraa. Nikasema ngoja nione. Kuiwasha tu lile jani la juu likapasuka mpaka karibu na pete ya karatasi, ikaungua upande mmoja, moshi wa moto unachoma ulimi, ladha uchungu mtupu. Robusto ina inchi 5 hivi, ukiivuta taratibu bila pupa inakupa dakika 45 mpaka saa nzima, hii hata nusu saa haikufika. Na ndo iliyopewa 94, maelezo yake "chokoleti, ngozi na kwa mbali kahawa ya Mbozi". Aisee.

Tatizo ni kwamba siga inataka unyevu wa asilimia 65 mpaka 70 muda wote, ndo maana watu wanatunza kwenye sanduku la mbao ya mwerezi lenye kitu cha kutoa unyevu ndani. Huyu kaziweka kwenye kabati la kioo, taa inawaka juu yake, mwezi wa saba huu, kiangazi, upepo wa Mbeya mnaujua unavyokausha mpaka midomo. Wateja walipolalamika huko nyuma akahamishia mzigo kwenye friji ya soda! Friji inanyonya unyevu halafu siga inabeba harufu ya kila kilichomo. Na msije na ile hoja ya "Mbeya baridi siga haziharibiki", baridi inasaidia kwa yule mdudu wa tumbaku anayetoboa siga maana mayai yake yanapenda joto, ukavu ni kesi nyingine kabisa.

Kuna kipima unyevu pale kimesoma 70 tangu nianze kwenda, mvua 70, jua 70. Nikamwambia kaka kipime, weka chumvi kwenye kifuniko cha soda, dondoshea maji kidogo iwe tope isiwe supu, funga pamoja na kipima kwenye mfuko usiopitisha hewa, kesho yake kikiwa kizima kitasoma 75. Akanijibu nisimfundishe kazi.

Hiyo ni ya ukavu. Njooni kwenye Cohiba, ile chapa kubwa ya siga za Cuba. Anauza Cohiba elfu 35 moja moja, kutoka kwenye sanduku lenye mfuniko wa kioo!! Wakuu, Cohiba hawatengenezi sanduku la kioo, hiyo ndo alama ya kwanza ya feki dunia nzima, na tangu bei zao zipandishwe 2022 hakuna Cohiba ya Cuba ya bei hiyo. Sanduku la Cuba lina stika ya udhamini yenye namba unayoweza kuihakiki kwenye tovuti ya Habanos, kampuni inayouza siga za Cuba duniani, la kwake halina stika wala nini. Jamaa yetu mmoja wa Iringa aliichana yake kwa wembe, ndani tumbaku ya vipande vipande na vijiti, wakati siga ya maana inajazwa majani marefu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hiyo nayo ilipewa 97. Nadhani pete ya njano na nyeusi peke yake ina 90.

Kinachoniuma zaidi, sisi ni watu wa mikoa ya tumbaku. Chunya mkulima akipeleka mabelo sokoni hajipangii daraja, kuna mteuzi anaangalia jani ndo anasema hili daraja gani, na mkulima analalamika lakini utaratibu upo. Huku kwenye siga ya elfu 35 muuzaji ndo mteuzi, ndo mnunuzi wa kwanza, ndo admini anayefuta meseji. Ya kwangu imefutwa, ndo maana nimekuja huku.

Alama itolewe na watu wasiouza, pete zivuliwe kabla, mvutaji asijue kashika nini, na siga moja ivutwe zaidi ya mara moja, maana hata zilizotoka sanduku moja zinatofautiana. Walioko Mbeya na Iringa wenye siga walizozitunza wenyewe waseme hapa, tukutane Jumamosi Soweto hapa Mbeya tufanye hivyo, pete ntavua mimi.

Na wewe mwenye duka najua unapita humu. Robusto yangu iliyobaki nusu ninayo kwenye mfuko, nakuja nayo Jumatatu, andaa hela.