Ukibebwa na helikopta sheria ya Marekani inakulinda, ukibebwa na ambulansi ya barabarani unaachiwa bili. Nimechoka!

Wakuu, habari za saa hizi.

Naandika saa saba usiku kwa saa za Texas. Gari nimeshaegesha nje ya nyumba ila nimeshindwa kuingia kulala. Mnivumilie, uzi utakuwa mrefu, na nikikosea lugha mjue ni hasira.

Mimi nabeba abiria kwa programu ya simu, maeneo ya Dallas na miji ya jirani. Leo jioni, kama saa kumi na mbili na nusu, nimeitwa nyumba fulani. Nafika, anatoka binti wa miaka kama ishirini amemshika baba yake kwapani. Baba mwenyewe si mzee, hamsini na kitu, amevaa buti za kazi bado zina vumbi la saruji. Nikadhani amelewa. Alipokaa nyuma nikamwangalia kwenye kioo: mdomo umeenda upande, mkono wa kushoto umelala pajani kama si wake. Marehemu baba yangu aliondoka kwa kiharusi. Ile sura naijua.

Nikamwambia binti, huyu si mtu wa kupanda gari langu, piga 911, namba ya dharura, sasa hivi. Binti akaanza kulia. Na yule baba, kwa mdomo ule uliopinda, akajikaza akatamka: "Ambulansi hapana." Binti ndiye akanieleza. Mwaka juzi mama yake alibebwa maili sita, na mpaka leo wanalipa dola 75 kila mwezi.

Wakuu, mtu ubongo wake unakufa dakika kwa dakika na kitu anachokumbuka ni bili.

Nikapiga 911 mwenyewe? Nilishika simu kabisa. Baba akashika mlango anataka kushuka. Binti akanisihi, anko tafadhali, hospitali si mbali. Nikaendesha. Kiharusi cha damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha lile bonge, lakini dirisha lake ni saa tatu, ukienda sana nne na nusu, tangu dalili zilipoanza. Ambulansi ingeipigia hospitali simu njiani, madaktari wangekuwa wanasubiri mlangoni. Mimi nina nini ndani ya gari? Chaja ya simu na pakiti ya tishu. Nimekwama taa nyekundu mbili, nahesabu sekunde kwa sauti, binti anamwambia baba yake asilale, asilale. Tulipofika mlango wa dharura mlinzi ndiye aliyekimbia kuleta kiti cha magurudumu. Tukambeba watatu.

Baadaye nimefungua programu nikakuta nimelipwa dola 11 na senti 40, na binti ameniwekea nyota tano. Hapo ndipo nimelia, mtu mzima. Sijui hali ya yule baba.

Sasa msije mkaniambia ni ubahili wa mtu mmoja. Mwaka 2018 huko Boston mwanamke alinaswa mguu katikati ya treni na jukwaa la kituo, mguu umechanika mpaka mfupa, na alikuwa akiwaomba watu wasimwitie ambulansi kwa sababu hana uwezo wa kuilipa. Abiria wenzake walisukuma treni kumwokoa, magazeti yakaandika, nchi nzima ikasikitika wiki moja, basi. Mchumi wa Chuo Kikuu cha Kansas na daktari mwenzake nao walichunguza miji ambayo Uber iliingia, wakaona matumizi ya ambulansi yalishuka kwa angalau asilimia 7. Maana yake sisi madereva tumegeuzwa wauguzi bila mafunzo, bila oksijeni, bila king'ora, na hakuna aliyetuuliza.

Na mimi yamenikuta nyumbani kwangu, ndiyo maana nasema kwa uchungu.

Mke wangu alianguka kazini mwaka jana. Anapanga mizigo ghalani, zamu ya usiku. Alipozinduka yuko kwenye machela, mlango wa gari unafungwa. Hakupiga simu yeye, msimamizi ndiye aliyepiga. Maili nne. Wakampima presha, wakamwekea dripu, wakampa oksijeni. Vijana wale walikuwa wapole sana na nawashukuru mpaka kesho, hasira yangu si kwao. Wanalipwa kidogo na kazi yao ni ya kuvunja mgongo.

Baada ya wiki tatu ikaja barua ya bima. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa HII SI BILI. Ndani kuna safu za namba: walichodai, tulichokubali, unachoweza kudaiwa. Baada ya wiki nyingine mbili ikaja bili yenyewe. Gharama ya msingi, gharama ya kila maili, oksijeni mstari wake, jumla dola 2,640. Bima ikasema gari hilo halipo kwenye orodha ya wale tulioingia nao mkataba, kwa hiyo tunalipa kile tunachoona ni bei ya haki, dola 910. Zilizobaki 1,730 ni zenu.

Jamani! Mtu amezirai. Angechaguaje gari lililo kwenye orodha? Angeinuka kwenye sakafu ya ghala aulize, samahani kijana, ninyi mna mkataba na bima yangu?

Nikaanza kusoma. Kuna sheria ya kitaifa inaitwa No Surprises Act, Trump aliisaini Desemba 2020 na ikaanza kazi Januari 1, 2022. Kazi yake ni hiyohiyo: ukipata dharura, ukahudumiwa na mtu asiye na mkataba na bima yako bila wewe kuchagua, hawaruhusiwi kukudai tofauti. Sheria nzuri. Daktari wa usingizi amo, chumba cha dharura kimo, hata helikopta ya wagonjwa imo. Ambulansi ya barabarani, ile ambayo watu wa kawaida ndiyo wanayobebwa nayo kila siku, WALIITOA. Si bahati mbaya, walijua. Wakaiundia kamati ya kuichunguza. Kamati ikakaa, wataalamu wakapiga kura, wakapendekeza mgonjwa asilipe zaidi ya dola 100 au asilimia 10, kiasi kile kilicho kidogo. Ripoti ikapelekwa Bunge mwaka 2024. Mpaka naandika hapa, Bunge halijapitisha chochote kuhusu hilo.

Wapo watakaosema majimbo yamejitahidi. Kweli, California imefunga huo mlango, Texas nayo ina sheria yake tangu Januari 2024. Nilipoisoma ya Texas nikamwambia mke wangu tumepona. Nikapiga simu, nikasubiri dakika 50 na muziki, akapokea mama mmoja mstaarabu. Akafungua faili akaniambia: baba, bima ya mkeo ni ya aina ambayo mwajiri mwenyewe ndiye anayelipa matibabu kutoka mfuko wake, kampuni ya bima inapitisha makaratasi tu. Mipango ya aina hiyo iko chini ya sheria ya kitaifa ya mwaka 1974 inayoitwa ERISA, sheria ya jimbo haiigusi. Nikamuuliza, sasa sisi tulijuaje? Kadi ina jina la kampuni ya bima, nembo ya kampuni ya bima, namba ya simu ya kampuni ya bima. Akanyamaza. Na si sisi wachache, wafanyakazi wengi wenye bima ya kazini nchi hii wako kwenye mpango wa namna hiyo. Jimbo linakupa mwavuli, sheria ya 1974 inautoboa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nyumba yako ikiungua, zimamoto wanakuja na hawakuachii bili ya maji. Ukivamiwa, polisi hawakudai mafuta ya gari. Vyote hivyo ni kodi. Mwili wako ukianguka barabarani, huo ni biashara. Nimejiuliza ilianzaje. Kumbe mpaka miaka ya 1960, miji mingi ya Marekani gari la wagonjwa lilikuwa la nyumba ya mazishi, kwa sababu wao ndio waliokuwa na gari refu la kumlaza mtu. Gari lilelile, asubuhi mgonjwa, jioni maiti. Waliokuja kubadilisha mambo ni vijana weusi wa Pittsburgh, kikosi cha ambulansi kilichoitwa Freedom House, mwaka 1967. Watu ambao mji uliwaona hawana kazi wala faida wakafundishwa kutibu ndani ya gari, wakawa mfano wa nchi nzima. Mwaka 1975 mji ukawafunga. Serikali kuu ilitoa fedha za mfumo wa dharura kwa sheria ya 1973, halafu 1981, chini ya Rais Reagan, fedha zile zikapunguzwa na kuchanganywa kwenye mfuko mmoja wa majimbo, kila mmoja ajue lake. Tangu hapo kila mji unajitafutia. Hapa zimamoto, pale kampuni binafsi, kule watu wa kujitolea. Gari lazima likae tayari saa 24 na watu wawili ndani, Medicare (bima ya serikali ya wazee) na Medicaid (ya wenye kipato kidogo) wanalipa kidogo, basi pengo linazibwa na aliyeanguka akiwa na bima ya kazini. Ndiyo huyo mke wangu.

Mwenye Medicare angalau hawaruhusiwi kumdai zaidi ya sehemu yake. Sisi tunaobeba mizigo usiku ili hiyo Medicare ilipwe, hatumo.

Najua jibu la walioko nyumbani: hata huku ndugu wanaambiwa wachange mafuta ndipo gari la wagonjwa liondoke. Sibishi, mimi mwenyewe nimewahi kuchanga. Ila angalieni mpango wa m-mama pale Tanzania. Mjamzito akipata shida anapiga 115 bure, kama ambulansi haipo karibu wanamtafuta dereva wa teksi aliyesajiliwa kijijini, anampeleka, na dereva analipwa, mama halipi. Nchi yenye uchumi ule imekaa chini ikafikiri hivyo kwa akina mama wajawazito. Hii yenye helikopta juu ya kila hospitali kubwa imeshindwa kufikiri kwa ajili ya fundi wa saruji.

Na wenyewe Wamarekani wamejaa hasira, msidhani ni sisi wageni tu. Desemba 4, 2024 bosi wa kampuni ya bima ya afya ya UnitedHealthcare, Brian Thompson, alipigwa risasi hadharani Manhattan, na kwenye maganda ya risasi kulikutwa maneno ya kuchelewesha na kukataa malipo. Kuua ni kuua, yule alikuwa baba wa watu, siungi mkono hata nukta. Lakini niliwasikia abiria wangu wiki ile, nesi, mwalimu, mstaafu wa jeshi, kila mmoja akianza kunisimulia bili yake kabla hata hatujatoka mtaani kwake. Wanasiasa walisikia hayohayo. Mwaka 2025 wakafunga serikali siku 43 wakibishania ruzuku za bima, wakafungua, na mwisho wa mwaka ruzuku zile zikaisha hivyohivyo.

Kwetu mtu akiugua tunaunda kundi la WhatsApp tunachanga. Na huku wanachanga, wanaweka picha ya mtoto wao mwenye dripu mtandaoni, wageni wawatupie dola kumi kumi. Juzi kundi letu la wanajumuiya hapa tumechangia mtu wa nne tangu Januari. Wawili kati yao wana bima. NARUDIA, WANA BIMA, wanakatwa kila mshahara.

Sasa naomba msaada, hasa mlioko Marekani.

Bili ya mke wangu imeshapelekwa kwa wakusanya madeni, wanapiga mpaka Jumamosi asubuhi. Rufaa ya maandishi tunaruhusiwa ndani ya siku 180 tangu bima ikatae, tumebakiwa na 31. Nimeambiwa kwa kuwa mwajiri ndiye mlipaji halisi, ofisi ya rasilimali watu inaweza kuiagiza bima ilipe zote. Nimeandika barua mara mbili, sijajibiwa. Kuna yeyote aliyeshinda rufaa ya ambulansi kwenye mpango wa namna hii? Uliandika nini, ulimwandikia nani, uliambatanisha karatasi gani? Je, kumwandikia mbunge wa eneo kunasaidia? Ofisi yake ipo njia ninayopita kila siku, kesho nikimaliza zamu naenda kukaa pale na hizi karatasi.

Na kama kuna nesi humu anayefahamu, nisaidieni hili pia: je, hospitali wanaweza kuniambia tu kama yule baba amepona, mimi niliyemleta? Nina saa ya kumshusha na mlango niliomshushia. Jina lake sikuuliza.