Sauti ikikatika kwenye programu ya kuhariri, wa kulaumiwa ni nani?

Mleta mada:
Wadau, nina hasira za wiki mbili. Nahariri mahojiano ya saa nzima, traki nne tu. Nikibonyeza kucheza, inakwenda vizuri dakika tatu, mara nasikia "tik", mara nusu sentensi inamezwa, kisha inatulia utadhani hakuna kilichotokea. Nikirudisha nyuma pale pale, safi kabisa! Kila ninayemuuliza ananijibu neno moja: ongeza bafa, yaani ile akiba ya sauti inayoandaliwa kabla ya kuchezwa. Nimeongeza mpaka 1024. Limepungua, halijaisha.

Hoja yangu ni hii. Programu yenyewe ndiyo inayoomba data, na ndiyo inayoikosa. Kwa nini isiseme? Mtengenezaji wa programu ya kuhariri sauti, awe anaiuza au anaigawa bure, ana wajibu wa kutuonyesha chanzo badala ya kutuachia tupige ramli. Anayebisha aje.

Mchangiaji wa pili:
Nabisha mimi, mkuu. Programu inajua kwamba imechelewa, haijui ni nani aliyeichelewesha. Kwenye kasi ya sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 256 inakupa milisekunde 5 na kidogo tu kuandaa kipande kinachofuata. Sasa draiva ya Wi-Fi, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa hicho, ikiishikilia prosesa kwa milisekunde 8, kipande hakijawa tayari, kadi ya sauti haina cha kucheza, wewe unasikia "tik". Programu ilikuwa imesimamishwa muda wote huo. Ikirudi inakuta saa imekwenda, basi. Unataka imtaje mtu ambaye haikumwona?

Kwenye Windows kipo kifaa kinaitwa LatencyMon. Kiache kikimbie dakika kumi huku unacheza sauti, kitakuonyesha draiva inayochukua muda mrefu. Hiyo ni kazi ya chombo cha uchunguzi, si ya kihariri.

Mchangiaji wa tatu:
Unasikilizia nini? Kama ni vipokea sauti vya Bluetooth, tufunge mjadala.

Mleta mada:
Ni vya waya.

Nikurudie wewe wa pili. Kwenye Linux, JACK, programu inayosafirisha sauti kati ya programu na kadi ya sauti, huhesabu kila mara kipande kinapochelewa. Kihariri cha Audacity nacho, wakati wa kurekodi, kinaweza kuweka alama pale sauti ilipopotea. Kwa hiyo inawezekana. Mbona wakati wa kucheza tunaachwa gizani?

Mchangiaji wa pili:
Kwa sababu kilichopotea wakati wa kurekodi hakirudi. Kinachopotea wakati wa kucheza bado kimo kwenye faili. Uzito haulingani.

Mchangiaji wa nne:
Mnabishana kabla ya kupima. Swali la kwanza ni kama kasoro imo ndani ya sauti au inatokea wakati wa kucheza tu. Toa faili la mwisho, lisikilize kwenye kichezaji kingine. Ikiwa "tik" inajirudia sekunde ile ile kila mara, hiyo ni ya kwako: umekata mahali wimbi lilipokuwa juu ukaliunganisha na mahali lilipokuwa chini. Weka mfifio (sauti kushuka na kupanda taratibu) wa milisekunde chache kwenye kiungo, itaondoka. Niliwahi kulaani kompyuta usiku mzima, kumbe nilikuwa nimekata vibaya sehemu kumi na moja. Sikumwambia mtu.

Ila ya mleta mada inahamahama, kwa hiyo si kukata. Na amesema jambo ambalo mmelipita: akirudisha nyuma, panacheza vizuri. Hapo ndipo pa kushika. Mara ya pili ile data imeshasomwa, iko kwenye kumbukumbu, haiendi tena kwenye diski. Kama tatizo lingekuwa draiva inayoshika prosesa, lingeweza kumpata hata anaporudia. Mimi nashuku diski. Mkuu, mradi wako umeuhifadhi wapi?

Mleta mada:
Kwenye folda inayojinakili yenyewe kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Diski ni ile ya kuzunguka, si ya kisasa.

Mchangiaji wa nne:
Basi kila unapohifadhi, kuna programu nyingine inasoma mafaili yale yale ili iyapandishe, na antivairasi huenda nayo inayakagua. Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachohama kwa kila anayeiomba. Simamisha unakilishaji, hamishia mradi folda ya kawaida, ondoa folda hiyo kwenye ukaguzi wa papo hapo. Usiguse kingine chochote, la sivyo hutajua kilichokuponya.

Mleta mada:
Siku mbili sasa, haijakatika hata mara moja. Bafa nimeirudisha 256. Ahsante sana, ndugu.

Lakini sijahama kwenye hoja yangu, na sasa nina ushahidi. Mnaona kwamba kuna kuchelewa kwa aina mbili: prosesa kushindwa kumaliza hesabu kwa wakati, na diski kushindwa kuleta data. Hizi mbili programu inaweza kuzitofautisha, maana yenyewe ndiyo inayosubiri diski. Ableton Live, programu ya kutengeneza muziki, ina taa yake ya diski iliyozidiwa. Ninayoitumia mimi haina kitu. Ingeandika tu "dakika ya 14, diski ilichelewa", nisingepoteza wiki mbili kuchezea bafa.

Mchangiaji wa pili:
Hapo kwenye diski nakupa, nilisema kwa ujumla mno. Kwa draiva nabaki nilipo. Na ujumbe huo nao una ubaya wake: mtu ataona "diski ilichelewa", atakimbilia kununua diski mpya, kumbe ni unakilishaji kama wako.

Mleta mada:
Bora huyo anayetafuta upande wa diski. Mimi niliambiwa bafa.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi nimeshahamisha folda yangu, kimyakimya.