Mtoto wa marehemu dada: CD4 900 lakini asilimia 18, nisome vipi?

Shangazi_Nyalenda
Hamjambo wote. Ninalea mtoto wa marehemu dada yangu, miaka minne na miezi miwili, tuko Nyalenda hapa Kisumu. Alikutwa na virusi vya UKIMWI, na ana wiki saba tangu aanze dawa. Karatasi ya kipimo cha kwanza inasema CD4, zile chembe za kinga, 900, asilimia 18. Binti ya jirani ana miaka kumi, CD4 yake 700, na wao waliambiwa iko sawa. Mimi nikaambiwa "kinga imeshuka", nikapewa tarehe ya kurudi, basi. Kwani 900 si zaidi ya 700? Na linaloninyima usingizi hasa: kuna namna ya kujua kama huyu atadhoofika? Kwa sasa anakimbiza kuku mchana kutwa.

Nesi_Mstaafu
Pole dada, na asante kwa kumlea. Watoto wadogo huwa na CD4 nyingi kuliko watu wazima, kisha zinapungua zenyewe wanavyokua. 900 ya miaka minne na 700 ya miaka kumi ni kama bei ya omena na bei ya mbuta, samaki tofauti kabisa. Ndiyo maana chini ya miaka mitano tunasoma asilimia, yaani sehemu ya CD4 kati ya chembe nyeupe za aina ya limfosaiti, na kwa umri wake tungependa ipite 25. Kwa hiyo 18 ni ya chini kweli. Hawakukudanganya, walikosa tu kukueleza, na hilo linaniudhi.

Ila hicho ni kipimo cha kabla ya dawa. Enzi zetu wodini, dawa hazijafika, karibu nusu ya waliozaliwa na virusi hawakufikisha miaka miwili. Siku hizi mimi naangalia wingi wa virusi: miezi mitatu baada ya kuanza dawa, kisha kila miezi sita, na tunataka chini ya 200 kwa mililita ya damu. Na kilo. Kilo zikisimama, usingoje tarehe. Septrin, ile ya kuzuia magonjwa nyemelezi, asikose. Ana kilo ngapi?

Kijana_Kondele
Shangazi, mimi nilianza dawa 2009 nikiwa na asilimia 9. Leo nabeba mizigo sokoni Kibuye. Nyanya aliweka alamu ya redio, taarifa ya saa moja ikianza, kikombe cha dawa kiko mezani.

Shangazi_Nyalenda
Asanteni. Nesi, mwezi jana alikuwa 13.6. Vile vidonge viwili vya kuyeyusha namwekea kwenye kikombe, nasuuza na maji kidogo, anamalizia.

Nesi_Mstaafu
Hapo kwa kusuuza umenifurahisha, wengi huacha dawa chini ya kikombe. Akifika 14 wakumbushe wapandishe dozi. Mtoto hunenepa, dozi ikabaki ya zamani.

Shangazi_Nyalenda
Tumetoka kliniki leo. 14.1! Sasa ni viwili na nusu. Taabu ni hiyo nusu: ameniona nikiivunja, anasema mbovu, nimpe nzima.