Wahitimu wa vyuo vya Kusini: tuwaombe nini, lini, na kwa utaratibu upi?

Mratibu wa Wahitimu, Mtwara Mjini

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimekabidhiwa kazi ya kuratibu uhusiano wa wahitimu katika chuo kimoja kisicho cha Serikali hapa Mtwara, na uongozi unataka ifikapo mwisho wa muhula niwasilishe mpango wa kuchangisha fedha kwa miaka mitano ijayo. Chuo kinaendeshwa kwa ada, na kwa kuwa wanafunzi wengi wanategemea mikopo, fedha zikichelewa kidogo tu, malipo ya wahadhiri wa muda na ununuzi wa vitabu ndivyo vinavyoumia kwanza. Wahitimu wetu wengi ni walimu waliotawanyika kuanzia Nanyumbu hadi Kilwa. Wachache wako benki, halmashauri, na kwenye kampuni za gesi na saruji. Tunazo namba za simu walizoandika siku ya usajili, ila nyingi hazipatikani tena.

Pendekezo lililoko mezani ni chakula cha jioni cha harambee jijini Dar es Salaam, meza ziuzwe kwa makampuni na mgeni rasmi awe mtu mwenye jina. Wajumbe wengine wanasema tuige vyuo vya Marekani, ambako mhitimu huchangia chuo chake mpaka uzeeni. Mimi nasita. Naona usiku huo mmoja utaleta ahadi nyingi, kisha nitakaa miezi nikizifuatilia kwa simu, na mwaka unaofuata chuo kitakuwa palepale. Swali langu ni hili: je, mhitimu mwenye mshahara wa mwalimu anaweza kuwa nguzo ya fedha za chuo katika miaka ishirini ijayo, au tumtafute kwa sababu nyingine na fedha tuzitafute kwingine? Ningependa kusikia hasa kutoka kwa wanaozifahamu wilaya zetu hizi.

Mwalimu wa Sekondari, Masasi

Mratibu, hongera kwa jukumu hilo. Nitajibu nikiwa upande wa anayeombwa.

Uwezo wa kuchanga tunao. Mwalimu hapa Masasi hamalizi mwezi bila kutoa mchango wa harusi, wa msiba au wa mgonjwa aliyelazwa Ndanda, na msimu wa jando na unyago ukifika, ukoo mzima unamtazama yeye mwenye mshahara. Tunatoa kwa sababu mweka hazina hubandika orodha kwenye kundi la WhatsApp kila jioni, ikionyesha nani ameahidi, nani amelipa na kiasi gani kimebaki, na siku yenyewe ikifika kila mmoja anaona turubai limefungwa na wali umeiva. Aliyetoa shilingi 10,000 jina lake husomwa kama la aliyetoa 100,000. Chuo kinapotuomba, hatuoni hata kimoja kati ya hayo. Chuo nilichosoma kiliwahi kuwaomba wa mwaka wetu tuchangie vitabu. Tukachanga, fedha zikapelekwa, na hatujapata kuandikiwa hata mstari mmoja wa kutueleza ni vitabu gani vilinunuliwa. Hakuna aliyelalamika hadharani. Watu waliondoka tu kwenye kundi, mmoja baada ya mwingine.

Kuna pia suala la makato, ambalo viongozi wa vyuo hawapendi kulisikia. Mhitimu aliyekopeshwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na wengi wetu kwa dhati ya moyo tunaamini kwamba kwa makato hayo tumekwisha kukilipa chuo. Ukweli ni kwamba fedha hizo hurudi Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, ili wakopeshwe wadogo zetu popote wanaposoma. Haziezeki bweni la chuo chochote. Lielezeni jambo hili wazi katika barua yenu ya kwanza kabla hamjataja kiasi, na kwa heshima, kwa sababu anayesoma barua hiyo huenda siku hiyo ametoka kuitazama hati yake ya mshahara.

Tena msimwombe fedha mtu ambaye bado anajitolea katika shule ya kata akisubiri ajira. Mhitimu huyo anachohitaji ni taarifa ya nafasi za kazi, barua ya utambulisho iliyotoka kwa wakati, na transkripti (hati ya matokeo yake) asiyozungushwa kwa siku tatu ili kuipata. Baada ya mahafali, dirisha la transkripti ndilo mahali pa kwanza anapokutana tena na chuo chake, na anapotendewa vibaya pale hasahau.

Mdau wa Elimu ya Juu, Dar es Salaam (mzaliwa wa Newala)

Nakubaliana na Mwalimu, naomba niseme kuhusu hao Wamarekani, kwa sababu wajumbe wa bodi hupenda kuwataja bila kutazama walikotoka na wanakoelekea.

Mfuko wa wahitimu wa Yale wa michango ya kila mwaka ulianza mwaka 1890. Harvard, chenye wakfu (mtaji usioguswa, kinachotumika ni faida yake) unaozidi dola bilioni 50, kilianzishwa mwaka 1636. Kinachotamaniwa kuigwa, basi, kimejengwa kwa vizazi, na hata huko kwenyewe msingi wake unapungua: kwa miongo kadhaa sasa sehemu ya wahitimu wanaochangia imekuwa ikishuka, huku fedha nyingi zaidi zikitoka kwa watu wachache matajiri sana. Mwaka 2018 Michael Bloomberg alikipa chuo alichosoma, Johns Hopkins, dola bilioni 1.8 kwa ajili ya wanafunzi wasio na uwezo, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini mfadhili mkubwa ana uzito wake. Mwishoni mwa mwaka 2023 baadhi ya wafadhili wa University of Pennsylvania walisitisha michango yao kwa kutoridhishwa na uongozi, na Desemba mwaka huo rais wa chuo akajiuzulu. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote juu ya mgogoro ule. Ninachokiona mimi ni kwamba chuo kinachosimama juu ya mifuko ya watu watano kina mabwana watano.

Hata wakfu wenyewe hauko huru kama tunavyodhani. Serikali ya Marekani iliposimamisha zaidi ya dola bilioni 2 za ruzuku za Harvard mwaka 2025, watu waliuliza kwa nini chuo tajiri kiasi hicho kisijilipie. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo ilitolewa kwa masharti: hii ya kiti cha uprofesa fulani, ile ya ufadhili wa wanafunzi fulani, na haziwezi kuhamishwa kwa kuwa tu mwaka umekuwa mgumu. Mratibu, andika hilo katika mpango wako. Atakayetaka kutoa fedha nyingi aombwe aache angalau sehemu yake bila sharti, na makubaliano yaandikwe kabla ya picha kupigwa.

Hapa kwetu, fedha kubwa za majengo zinapitia Serikalini. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, unavihusu vyuo vya umma, na kupitia mradi huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Lindi. Chuo chako hakimo humo, wala hakitashindana na zege hilo kwa harambee ya usiku mmoja. Kinachowezekana ni mchango mdogo unaotolewa na wahitimu wa mwaka mmoja kwa pamoja, kwa jambo moja linalotajwa kwa jina na kumalizika ndani ya mwaka: ada ya mwanafunzi aliyefiwa na mzazi katikati ya masomo, au kompyuta za chumba kimoja. Kila mwaka wa kuhitimu uwe na mweka hazina wake, na chuo kiwe ndicho kinachomwandikia taarifa.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni kwamba mwalimu hatakuwa nguzo ya fedha za uendeshaji, lakini ndiye atakayekuwa sababu ya wenye fedha kukuamini. Kampuni hupenda kuuliza kama wenyewe mliosoma pale mnachangia.

Mhasibu wa Chama cha Msingi, Tandahimba

Ndugu zangu, sijasikia mtu akitaja korosho, na bila korosho mpango wa Mtwara na Lindi utakuwa wa mahali pengine.

Walimu wengi huku wana mikorosho, yao au ya wazazi. Minada huanza Oktoba, na fedha za wakulima huingia kwenye akaunti kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima huweka korosho ghalani kwa stakabadhi na hulipwa zikiuzwa mnadani, mfumo ambao mkoa wetu umekuwa nao tangu mwaka 2007. Barua ya kuomba mchango itoke Novemba au Desemba. Ukiituma Machi, mvua zinaendelea, akiba imekwisha na ada za watoto zimeshalipwa kwa shida; utapata ukimya, na utadhani watu hawakipendi chuo.

Lakini nina pendekezo kubwa zaidi ya kalenda. Pwani yetu inaujua wakfu tangu zamani. Mtu huweka minazi yake wakfu kwa msikiti. Shamba haliuzwi, na mavuno ndiyo yanayonunua mikeka na kulipia ukarabati. Mfuko wa Harvard ni jambo lilelile kwa kiwango kingine. Kwa nini chuo cha Mtwara kisiwe na wakfu wa mikorosho? Wahitimu wa kila mwaka wachangie ekari kadhaa, miche bora ipatikane kupitia kituo cha utafiti cha Naliendele, ambacho kiko jirani na mji, na mavuno yalipie ada za wanafunzi wahitaji. Mche bora huanza kuzaa ndani ya miaka michache na mti huishi kwa miongo. Huo ni muda ambao chuo chenyewe kinapaswa kuufikiria.

Tahadhari zake nazitoa mimi mwenyewe kwa sababu nimo humu. Shamba lisilo na msimamizi anayelipwa huliwa na moto na wezi. Palizi na salfa ni gharama za kila mwaka, na mwaka ambao salfa haikupulizwa kwa wakati maua huharibiwa na ugonjwa wa ubwiriunga. Bei nayo hutikisika: mwaka 2018 wanunuzi walitoa bei ambayo Serikali iliikataa, ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likahusishwa kuzikusanya, na wapo waliosubiri malipo kwa muda mrefu. Kwa hiyo wakfu usitegemee mti peke yake. Nusu iwe mikorosho, nusu nyingine iwe hatifungani za Serikali (fedha tunazoikopesha Serikali) za miaka 20 au 25, ambazo hulipa riba mara mbili kwa mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. Na hesabu zikaguliwe na mtu asiyeajiriwa na chuo.

Mratibu wa Wahitimu, Mtwara Mjini

Nawashukuru sana. Wazo la wakfu wa mikorosho nitaliwasilisha, pamoja na tahadhari zake zote. Naomba msaada wa mwisho katika mambo mawili. Mosi, kuna mjumbe anayetaka tupate namba mpya za wahitimu kwa kuomba orodha za walimu kwa maofisa wa wilaya, je, inaruhusiwa? Pili, kampuni ikituchangia inapata nafuu yoyote ya kodi?

Mwanasheria, Lindi

Orodha hizo msizichukue. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zitumike kwa lengo hilo, na anayezikusanya ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwalimu alitoa namba yake kwa mwajiri ili alipwe mshahara, hakuitoa ili aombwe mchango. Njia iliyo salama, nami naona ndiyo yenye adabu, ni mhitimu kumtafuta mhitimu mwenzake, kisha kila mmoja ajaze mwenyewe fomu ya chuo inayosema wazi namba yake itatumika kwa nini na namna ya kujitoa.

Kuhusu kodi, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 humruhusu mwenye biashara kupunguza michango ya hisani katika hesabu ya mapato yake, lakini isizidi asilimia 2 ya mapato hayo. Iko pia njia ya Mfuko wa Elimu ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001 chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania, ambao michango yake ina nafuu yake yenyewe. Nenda ukazungumze nao kabla hujaziandikia kampuni za gesi na saruji. Mwalimu anayekatwa kodi kwenye mshahara hafaidiki na nafuu hizi, basi msimwahidi.

Mwalimu wa Sekondari, Masasi

Mratibu, kabla hujafunga mpango wako, ongeza ombi ambalo si la fedha. Kila mwaka wanafunzi wenu huja wilayani kwetu kwa mafunzo kwa vitendo, wanafika stendi na begi, hawamjui mtu, na wengine hutumia posho yao yote kwa chumba cha kupanga. Wahitimu wa chuo chenu wamo katika shule nyingi za huku na hakuna anayewaambia kwamba wadogo zao wanakuja. Ukinitumia majina ya shule walikopangiwa mwezi mmoja kabla, nitazungumza na wenzangu wa Masasi na Nanyumbu tuwatafutie pa kulala kwa bei nafuu, na anayeweza kumpokea mmoja nyumbani kwake atasema mwenyewe.