Naomba ushauri: Narudi kwa siku mbili katika jiji nililoishi miaka 9, nipange vipi ratiba?

Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, habari za wakati huu.

Niliishi katika jiji moja kubwa kwa miaka 9, tangu nilipomaliza masomo hadi nilipohamishwa kikazi, na sasa imetimia miaka 6 bila kukanyaga tena huko. Mwishoni mwa mwezi huu nimepata nafasi ya kwenda. Nitafika Ijumaa usiku na kuondoka Jumapili alasiri, nikiwa pamoja na mwenzangu wa ndoa, ambaye hajawahi kuishi pale na ambaye kwa muda wote wa ndoa yetu amekuwa akisikiliza simulizi zangu za jiji hilo kwa uvumilivu ninaoushukuru.

Nimeandika orodha, na orodha imekataa kuenea ndani ya siku hizo. Ina marafiki 7 wanaokaa pande tofauti za jiji, nyumba niliyopanga kwa muda mrefu kuliko nyingine, ofisi ya zamani, maktaba niliyokuwa nikishinda wakati sina kazi, na barabara moja ambayo sina shughuli nayo yoyote isipokuwa kwamba niliipita kila asubuhi nikiwa nimesimama ndani ya basi.

Naomba mnisaidie katika haya: je, nitangaze kwa wote kwamba ninakuja, au nichague wachache? Je, ni sahihi kubisha hodi katika nyumba ambayo sasa ina wapangaji wengine? Tena yupo mtu niliyeishi naye chumba kimoja kwa miaka 4, tukaachana vibaya kwa sababu ya kodi ya chumba. Huyo sijamweka kwenye orodha, ila nimeona niwataarifu kwamba yupo.

Mpima Njia

Mleta uzi, tuanze na hesabu kabla ya hisia. Tuchukulie kwamba unafika Ijumaa saa 3 usiku na kuondoka Jumapili saa 9 alasiri: hizo ni saa 42. Toa saa 16 za kulala usiku wa siku mbili, zinabaki 26. Toa saa 8 za kula, kuoga, kufunga mizigo na kuwahi kituoni, zinabaki 18. Marafiki 7, kila mmoja akipewa saa 2 za mazungumzo na saa 1 ya kumfikia, wanakula saa 21. Yaani umeshaishiwa na muda kabla hujaiona nyumba wala maktaba.

Kosa hili si lako peke yako. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandikia mwaka 1979, wakieleza kwamba mtu anapokadiria muda wa kazi huitazama kazi iliyo mbele yake ikienda bila kikwazo, na kusahau jinsi kazi za aina hiyo zilivyomchelewesha siku zilizopita. Kwa mtu anayerudi alikowahi kuishi naliona kuwa kosa baya zaidi, kwa sababu anakadiria kwa kutumia njia za mkato alizozijua, wakati baadhi zimefungwa, mabasi yamebadilishiwa njia, na kadi yake ya nauli huenda haisomeki tena. Mgeni halisi huuliza njia. Mwenyeji wa zamani huona haya kuuliza, akapotea.

Ushauri wangu ni kwamba uipange Jumamosi kwa upande mmoja tu wa jiji. Fungua ramani, weka alama mahali pote ulipopaorodhesha, utazame ni upande gani wenye alama nyingi, kisha ufikie huko huko hata kama nyumba za wageni za katikati ya jiji zinavutia zaidi. Kilicho upande wa pili ukihesabu kuwa cha safari nyingine.

Kengele ya Asubuhi

Kuhusu kutangaza, nakuomba usitangaze. Mimi niliwahi kuandika katika kundi letu la zamani kwamba nakuja. Watu ishirini na kitu walishangilia, kila mmoja akasema tuonane, na hakuna aliyetaja saa. Matokeo yake nilishinda Jumamosi nzima nikijibu simu za watu waliokuwa njiani, na jioni nikajikuta nimeketi na wawili niliokuwa sijuani nao sana hata nilipokuwa mkazi, huku rafiki yangu wa karibu akidhani nimejaa wageni na kuamua kutonisumbua.

Wapigie simu watatu, mmoja mmoja, uwaeleze mahali na muda: nitakuwa hapa kuanzia saa 8 mchana hadi saa 11 jioni, nisogezee kiti. Wanne waliobaki watakulaumu, nawe kubali lawama. Wahenga walisema mgeni siku mbili, nawe hizo mbili ndizo zote ulizo nazo.

Bi. Msema Kweli

Nimesoma uzi mara mbili nikimtafuta mwenzako wa ndoa, nikamkuta katika sentensi moja akisikiliza simulizi. Siku zote mbili atakuwa anatambulishwa kwa watu wanaocheka vichekesho asivyovielewa. Mpe nusu ya Jumamosi achague yeye, hata akichagua jambo ambalo wewe, kama mkazi wa zamani, uliliona kuwa la watalii na hukulifanya kwa miaka yote 9.

Daftari la Zamani

Nigusie suala la nyumba. Lugha nyingi za Ulaya zina neno nostalgia kwa hamu ya namna hii. Lilibuniwa na Johannes Hofer mwaka 1688, katika tasnifu yake ya udaktari huko Basel, kwa kuunganisha neno la Kigiriki la kurudi nyumbani na lile la maumivu. Hofer aliihesabu hamu hiyo kuwa ugonjwa, na tiba aliyoitegemea kuliko nyingine ilikuwa kumrudisha mgonjwa kwao. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1798, mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika kwamba wanaorudi hukuta wamevunjika moyo, na ndipo huona wamepona, kwa sababu walichokitamani hasa ni ujana wao, ambao haurudishwi kwa safari.

Nayasema haya ili uamue mapema unakwenda kutazama nini. Ukienda kutazama jengo, simama ng'ambo ya barabara dakika kumi, utazame, uondoke. Ukienda ukitarajia kuhisi kama ulivyohisi siku ulipopata mshahara wa kwanza, mpangaji wa sasa hana namna ya kukusaidia, hivyo usimbishie hodi.

Mpangaji Mstaafu

Ndugu Daftari, naomba kutofautiana nawe kidogo. Mimi nilibisha. Nilikwenda mchana, nikasimama mbali na mlango, nikajitambulisha na kusema wazi kwamba sihitaji kuingia. Mpangaji aliniangalia kwa muda, kisha akauliza kama na mimi nilikuwa nikiunyanyua mlango wa bafu kabla ya kuufunga. Nikamjibu kwamba niliunyanyua kwa miaka 5 na mwenye nyumba aliahidi kuurekebisha kila mwisho wa mwezi. Tulicheka pale mlangoni, nikaondoka, na sikutaka zaidi ya hapo. Ila akisita tu, aga na uende zako, ni kwake.

Bi. Msema Kweli

Mleta uzi, narudi tena, maana naona wote wamelipita jambo ulilolificha mwishoni. Huyo uliyeishi naye chumba kimoja: nani alikuwa akimdai mwenzake?

Mleta uzi

Bi. Msema Kweli, nilitarajia swali hilo lisiulizwe. Mimi ndiye niliyekuwa nikidaiwa. Alinilipia kodi ya miezi 3 nilipokuwa sina kazi, na nilipopata kazi nikawa namlipa kidogo kidogo, kisha nikaacha, kisha nikahama. Nilikuwa nikifikiri kumtafuta Jumapili asubuhi, kabla ya kuondoka, nimpe fedha yake mkononi.

Bi. Msema Kweli

Basi usifanye hivyo. Ukimtokea Jumapili asubuhi ukiwa na fedha mkononi na tiketi mfukoni, utakuwa umemlazimisha akusamehe kwa haraka kwa sababu wewe una usafiri wa kuwahi. Dawa ya deni ni kulipa, nayo hailazimu kumwona mdai. Mtumie leo, yote kwa mkupuo, pamoja na ujumbe mfupi usio na maelezo ya kwa nini ulichelewa. Usimwambie kwamba unakuja. Akitaka kujua habari zako atauliza.

Mpima Njia

Naunga mkono hoja hiyo, na naongeza kwamba asubuhi ya siku ya kuondoka haifai kupangiwa jambo lolote zito.

Mleta uzi: Mrejesho

Ndugu wanajamvi, nimerudi, na ni haki yenu kupata mrejesho.

Fedha niliituma usiku ule ule. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, likiwa na neno moja, "Imefika", na sikuongeza lolote, wala hatukuonana.

Tulifikia upande wa maktaba, ambao ndio uliokuwa na alama nyingi kwenye ramani. Marafiki niliowapigia ni watatu, wakaja wanne, na tulikaa hadi saa 2 usiku badala ya saa 11 jioni, kwa hiyo hesabu za Mpima Njia ziliharibika bila mtu kujuta. Nyumba sikuibishia hodi kwa sababu haipo. Pamejengwa ghorofa, na nilitumia dakika nyingi kubishana na nafsi yangu kama kweli ni pale, hadi nilipouona mti wa kona. Barabara ya basi niliisahau kabisa, nikaikumbuka tukiwa njiani kurudi.

Mwenzangu alipopewa nafasi ya kuchagua, alichagua maktaba. Alisema ndiyo sehemu pekee katika simulizi zangu ambapo nilikuwa nimekaa kimya, akataka kupaona. Na tulipokuwa ndani ya treni aliniuliza ilikuwaje kwamba kwa miaka yote hii amesikia habari za kila mtu wa jiji lile, lakini hakuwahi kusikia kwamba niliishi chumba kimoja na mtu. Safari ilikuwa bado na saa 5, nikamsimulia.